Kasoro ya Chembe na Hatia ya Mtu

Katika Sange, kama katika vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, maneno mawili husikika mara kwa mara. La kwanza husemwa penye ugonjwa: "Amelogwa, yuko mtu aliyemfanyia." La pili husemwa asubuhi, baada ya ugomvi wa usiku, mbele ya wazee: "Si mimi, ni pombe iliyonituma." Kwa neno la kwanza, mtu asiye na kosa hutwikwa hatia. Kwa neno la pili, mtu mwenye kosa hujivua hatia. Maneno hayo yaonekana kuwa mbalimbali, lakini mama yao ni mmoja: ni kutojua kutenganisha kasoro na hatia.

Kasoro ni nini? Ni kuharibika kwa kitu: jembe lililopasuka, mbegu isiyoota, mguu uliovunjika. Hatia ni nini? Ni deni la mtu aliyejua, akaweza kuchagua, akachagua vibaya. Jembe bovu lina kasoro, wala hakuna awezaye kulishtaki. Mwivi wa jembe ana hatia, hata kama jembe lenyewe ni zima.

Hadi hapo jambo ni rahisi. Ugumu waja pale kitu kinapoharibika ndani ya mwili, mahali jicho lisipofika. Hapo ndipo watu hukisia, na kukisia kumekwisha kuua wengi. Basi yafaa mkatekumeni ajue kidogo yale ambayo wataalamu wameyaona ndani ya mwili. Na la kustaajabisha ni hili: sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana kwa kuchunguza kiumbe kilichotoka katika chombo cha pombe, tena pombe ya Afrika ya Mashariki.

1. Kiumbe chenye jina la Kiswahili

Wanawake wa Kivu waijua kazi ya kasiksi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa pamoja na majani, maji yake matamu hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa katika chombo cha mti siku moja au mbili. Maji huanza kuchemka bila moto. Povu hupanda, utamu hupungua, ukali huja. Wazee waliujua mwanzo wa kazi na mwisho wake. Katikati hawakuiona, maana aifanyaye ni mdogo mno.

Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alianza kuonyesha tangu mwaka 1857 kwamba uchachu huletwa na viumbe hai, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya pombe. Kiumbe kiumuacho pombe ni chachu. Kila chachu ni chembe hai moja tu, ambayo wataalamu huiita seli. Chembe mia zikipangwa mstari mmoja, urefu wake wote ni kama milimita moja. Chembe hizo hula sukari, hutoa kileo, na hutoa hewa ile inayofanya povu.

Mwaka 1893 mtaalamu Mjerumani, Paul Lindner, alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika ya Mashariki. Akaona ndani yake chachu ya namna nyingine. Chachu ya mkate huzaa kwa kuchipuza kijitoto ubavuni. Lakini hii ya Afrika hurefuka kama kijiti, kisha hupasuka katikati ikawa mbili zilizo sawa. Akaipa jina la Schizosaccharomyces pombe. Mwanzo wa jina hilo ni wa Kigiriki, maana yake ni kupasuka. Mwisho wake ni neno la Kiswahili lililo wazi. Hata leo, katika maabara za Uingereza, Japani na Marekani, watu wasiojua neno lingine la Kiswahili hutamka "pombe" kila siku wakiwa kazini.

Kwa nini wataalamu walishika kitu kidogo namna hiyo? Kwa sababu chembe ya chachu hukua upesi, hutunzwa kwa gharama ndogo, na hufanya peke yake kazi zile zile ambazo chembe za mwili wa mtu hufanya kwa wingi. Ndani ya kila chembe mna maagizo yaliyoandikwa, yanayopita toka mzazi hata mtoto. Kila agizo huitwa jeni. Chachu ya pombe ina jeni karibu 5,000. Mtu ana jeni karibu 20,000.

Katika miaka ya 1970, Mwingereza Paul Nurse alikuwa akichunguza chachu hiyo katika mji wa Edinburgh. Aliona chembe nyingine zapasuka kabla ya kufikia urefu wake, akafuata habari hiyo kwa uvumilivu mpaka akaijua jeni inayoiruhusu chembe kujigawa. Mwaka 1987, huko London, Nurse na mwenzake Melanie Lee walichukua chachu ambayo jeni yake ya kujigawa ilikuwa imeharibika, wakaitia jeni za mtu. Jeni moja ya mtu ikashika nafasi ya ile iliyoharibika, na chachu ikajigawa tena. Mwaka 2001 Nurse alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Leland Hartwell, aliyechunguza chachu ya mkate, na Mwingereza Tim Hunt.

Pengine mtu ataona haya kusikia kwamba ana undugu na kiumbe cha mtungini. Haya hiyo ni bure. Mtu hula nafaka kama kuku, hupumua kama mbuzi, wala heshima yake haipungui. Heshima ya mtu ina msingi mwingine, utakaoonekana mbele.

2. Jinsi chembe inavyosikia

Chachu haina sikio, lakini husikia. Chakula kikipungua, chembe za chachu ya pombe hutafutana. Ziko za namna mbili, mfano wa mume na mke, na kila namna hutoa ndani ya maji kitu chake kama harufu. Juu ya ngozi ya chembe ya namna ya pili kuna kipokezi, kama kufuli linalokubali ufunguo mmoja tu. Harufu ikifika hapo, haiingii ndani. Hufanya kama mgeni apigaye hodi: yeye husimama nje, na mwenyeji ndiye ainukaye.

Ndani, habari hupita toka mkono hata mkono. Wa kwanza humgusa wa pili, wa pili humgusa wa tatu, mpaka habari ifike katika kiini mlimo na maagizo. Hapo jeni zilizokuwa zimefungwa hufunguliwa. Chembe huacha kujigawa, hurefuka kuelekea upande iliko sauti, huungana na mwenzake, na muungano huo hufanya mbegu nne ngumu ziwezazo kungoja siku za neema.

Miongoni mwa wajumbe hao wa ndani yuko mmoja aitwaye Ras. Huyo ni kama lango. Habari ikija, hufunguka. Kazi ikiisha, hujifunga. Mwili wa mtu nao una Ras. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani waliondoa Ras za chachu ya mkate, wakaweka Ras ya mtu mahali pake, na chachu ikaendelea kuishi.

Katika mwili wa mtu kazi ya wajumbe hao ni kubwa. Mkulima akijikata mguu kwa panga shambani, chembe zilizo karibu na jeraha hupokea habari: kueni, jigaweni, zibeni. Nazo huzibuka na kuziba nafasi siku baada ya siku. Jeraha likipona, habari hukatika, na chembe hutulia. Hapana mtu aliyeziamuru, wala mwenye mguu hakuzihesabu.

3. Habari isiyokatika

Sasa chembe ikijigawa, hunakili maagizo yake yote ili kila mtoto apate nakala. Ni kazi ya mwandishi anakilie kitabu kikubwa, usiku na mchana, bila kupumzika. Mwandishi huyo ni hodari sana, na makosa yake mengi huyasahihisha mwenyewe. Lakini mara moja moja herufi huponyoka.

Herufi moja ikikosewa mahali fulani katika jeni ya Ras, lango hushindwa kujifunga. Hakuna apigaye hodi, lakini ndani sauti yaendelea: jigaweni, jigaweni. Kosa hilo moja halitoshi mara nyingi. Makosa kadhaa hukusanyika kwa miaka, na ndiyo maana saratani huwapata wazee kuliko vijana. Yakikusanyika, chembe hujigawa pasipo haja na kufanya uvimbe. Kasoro ya Ras huonekana mara nyingi katika saratani ya kongosho, ya matumbo na ya mapafu. Moshi wa tumbaku huongeza makosa hayo, virusi vingine huyaleta, mengine hurithiwa, na mengi hutokea tu katika kunakili.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakupata dawa ya kulizuia lango hilo. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna hiyo, kwa saratani ya mapafu yenye kosa moja maalum la Ras. Dawa hiyo ilipatikana kwa kuuliza swali moja kwa miaka mingi: nini kimeharibika? Watafutaji hao hawakuuliza: nani amefanya?

4. Kasoro isigeuzwe hatia

Katika kijiji mama aota uvimbe katika titi. Yeye huuficha, kwa kuwa aogopa maneno. Unapokua, ndugu hukusanyika, na swali lao la kwanza si la dawa, ni la mtu: nani? Kisha jicho huanza kutafuta, na kila mara humwangukia yule asiye na mtetezi: mjane akaaye peke yake, mke asiyezaa, bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko wa miaka mingi. Hayo si hadithi. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliotuhumiwa uchawi waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto.

Watu wa kijiji si wapumbavu, na wana hoja yao. Husema: "Vema, chembe imeharibika. Lakini mbona imeharibika ya dada yetu, si ya jirani? Yupo aliyeichagua." Hoja hiyo yastahili jibu.

Jibu limo katika chombo cha pombe. Chachu nayo hukosea katika kunakili. Ukiiweka peke yake katika chupa safi, mbali na kila mtu, makosa yale yale huonekana, na wataalamu huyahesabu kizazi baada ya kizazi. Hata Ras ya chachu huweza kuharibika namna ile ile, lango lake likakataa kufungwa. Basi nani ameiloga chachu? Haina mke mwenza, haina shamba la kugombewa, haina mkwe aliyenyimwa mahari. Hakuna aionaye wivu. Hata hivyo huharibika, na hapana aliyechagua ni ipi itakayoharibika. Ikiwa chembe ya chachu yaweza kuharibika pasipo adui, basi chembe ya mama yule yaweza kuharibika pasipo adui.

Swali hilo la kijiji ni la zamani sana. Katika Injili, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Mkatekumeni aliyelisoma fundisho hilo hawezi kulirudisha swali lile lile penye kitanda cha jirani yake.

Tena kukisia hakumdhuru mshtakiwa peke yake. Siku zinazotumika kumtafuta mchawi ni siku zilizoibwa kwa mgonjwa. Uvimbe ulioonyeshwa mapema kwa daktari waweza kutibiwa vizuri zaidi kuliko ule ulioletwa ukiwa mkubwa. Na ndugu waliomfukuza bibi kizee wamejipatia hatia ya kweli, kwa kutafuta hatia mahali ambapo haikuwapo.

5. Hatia isigeuzwe kasoro

Sasa yuko kijana aliyesoma, naye ataushika ukweli huu kwa upande mwingine. Atasema: "Kama mwili wangu ni chembe, na chembe hutenda kama zilivyoagizwa, mimi nina kosa gani? Ukoo wetu ni wa hasira. Nilipompiga mke wangu, ni damu iliyonituma."

Neno hilo lina sehemu ya kweli, nayo isikataliwe. Watu hawazaliwi sawa. Mmoja hukasirika upesi, mwingine polepole, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Mtu akitukanwa, habari hukimbia ndani yake: moyo hupiga mbio, mkono hupata moto, macho hutoka. Hayo yote ni kazi ya chembe, na ndani yake hamna hatia. Hapana atakayehukumiwa kwa sababu moyo wake ulipiga mbio.

Lakini chachu ikipata habari, haiwezi kusema: ngoja. Haiwezi kujiuliza kama jambo ni la haki au si la haki. Mtu aweza. Kati ya moto wa mkono na pigo lenyewe pana nafasi, fupi sana pengine, na katika nafasi hiyo husimama dhamiri.

Ushahidi wake ni upi? Ni huu. Mtu yule yule asemaye hawezi kuzuia mkono wake mbele ya mkewe, huuzuia vizuri sana mbele ya askari mwenye bunduki. Askari aweza kumtukana njiani, kumnyang'anya mzigo, kumcheka. Damu yake huchemka vile vile, tena pengine zaidi, lakini mkono hubaki chini. Kama ni damu iliyomtuma nyumbani, mbona haikumtuma njiani? Nafasi ilikuwapo mahali pote pawili. Njiani aliitumia kwa hofu. Nyumbani hakuitaka, maana alijua mke hana bunduki.

Hapo ndipo ulipo msingi wa heshima ya mtu. Anashiriki jeni na chachu, anashiriki wajumbe wa ndani, lakini yeye peke yake aweza kuitwa mbele ya wazee na kuulizwa: "Kwa nini ulifanya hivyo?" Hapana aliyeiuliza chachu swali hilo. Mtu akijivua hatia yake yote, hujivua pamoja nayo kile kimtofautishacho na povu la mtungi.

6. Juu ya mlevi

Limebaki neno la asubuhi: "Pombe ilinituma." Hili ni gumu zaidi, kwa sababu kileo huingia kweli katika ubongo na kuharibu habari zinazopita kati ya chembe zake. Mtu aliyekunywa vibuyu vingi vya kasiksi hana nafasi ile ya kufikiri, au anayo ndogo sana. Je, basi hana hatia?

Yafaa saa zitofautishwe. Saa nne ya usiku, alipovunja mlango wa jirani, huenda hakujua afanyalo. Lakini saa kumi na moja ya jioni, kibuyu cha kwanza kilipomfikia, alikuwa na akili zake. Alijua jambo lililotokea mara ya mwisho alipokunywa hivyo. Alikuwa na nafasi, akaitupa kwa mkono wake. Hatia yake haitafutwi penye mlango uliovunjika. Yatafutwa penye kibuyu.

Wako pia waliofungwa na ulevi hata wamekuwa wagonjwa. Ndani yao kasoro na hatia zimesukana kama nyuzi za mkeka. Hao wasichekwe wala wasiachwe. Wahitaji kusaidiwa kama wagonjwa na kuonywa kama watu. Na wako wengine, wenye ubongo uliougua tangu kuzaliwa au kwa homa kali ya utotoni, ambao hawakuwahi kuwa na nafasi hiyo. Kuwatwika hatia ni dhuluma.

Basi mzee mwenye hekima, akiletewa shauri, huuliza mambo matatu kabla ya kuhukumu. Je, mtu huyu alijua? Je, aliweza kufanya vingine? Je, alichagua? Likikosekana moja, yambidi apunguze hukumu yake au aiache kabisa. Yakiwapo yote matatu, asidanganywe na maneno ya damu, ya ukoo wala ya mtungi.

Kwa ugonjwa, itafutwe dawa. Kwa kosa, itafutwe toba na fidia. Atakayeyachanganya hayo mawili atamchoma asiye na kosa, na aliyekosa atamwacha aende zake nyumbani.

Maswali ya kutafakari

Kasoro na hatia zatofautianaje? Toa mfano wa kila moja kutoka kijijini kwako.

Ikiwa chachu huharibika pasipo adui, jambo hilo lamfundisha nini mtu ambaye ndugu yake ameota uvimbe?

Mtu asema, "Ukoo wetu ni wa hasira." Ni lipi la kweli katika neno lake, na ni lipi la uongo?

Hatia ya mlevi huanza saa ngapi?